Siku Tano za Kunitayarisha

Watu wa kwetu wana ustaarabu mmoja ambao nimeapa sitausifu tena mpaka naingia kaburini. Mtu akifiwa akiwa mbali, haambiwi. Anatayarishwa. Haambiwi kwa simu, haambiwi akiwa peke yake, haambiwi akiwa na njaa wala akiwa katikati ya kazi. Anatafutwa mtu mzima mwenye busara, huyo ndiye anayepewa habari, naye anatafuta wakati wa kuifikisha. Nyumbani utaratibu huu una maana yake. Unaambiwa mama anaumwa kidogo, njoo. Unapanda basi la asubuhi na wasiwasi wako, ukikata kona ya kwenu unaona turubai na watu wamekaa chini, na unajua. Angalau basi lilikuwa linakupeleka msibani. Mimi nilitayarishwa siku tano nikiwa Guangzhou, na kwa siku zote tano hakuna kilichokuwa kinanipeleka popote.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Waafrika pale tukiwa bado tunahesabika. Ukimwona mtu mweusi ng'ambo ya barabara unavuka kumsalimia, hata kama hamna lugha moja. Sisi wa Kiswahili tuliokuwa tunakaa, ukiacha wale wa kuja wiki mbili na kuondoka, tungeweza kuenea kwenye basi dogo: watu wa Moshi, Mwanza na Mbeya, wachache wa Dar, Wakenya wa Nairobi na Mombasa, na Mkongo mmoja aliyekuwa na mgahawa mtaa wa Dengfeng. Tulijiita familia. Neno hilo siku hizi nikilisikia kwa watu wasio ndugu zangu natafuta mkoba wangu ulipo.

Nilifika kule kwa sababu ya kupunguzwa kazini. Nilikuwa karani katika shirika la umma, siku moja wakatuita ukumbini, wakatushukuru, wakatupa soda. Kiinua mgongo changu nikanunulia tiketi badala ya kufungua genge la nyanya. Safari ya kwanza nilinunua blauzi, nikaibiwa. Ya pili nikaibiwa kidogo. Ya tatu nikabaki nijifunze lugha ya wanaoniibia. Kichina changu ni cha sokoni, kumjulia mtu hali sijui mpaka leo, ila laoban, yaani mwenye duka, akiniambia "meiyou", hakuna, namwonyesha mzigo ulipo nyuma ya pazia lake. Shahe kwenye nguo za jumla walinijua. Zhongda kwenye vitambaa walinijua zaidi, maana huko ndiko nilikogombana na watu wengi. Ikawa ndiyo kazi yangu: wenzangu wananunua, mimi nasema, napima, nakagua, nasimamia mzigo mpaka unaingia kwenye kontena.

Tulikuwa na mwenyekiti. Watanzania wawili wakikutana popote duniani lazima mmoja awe mwenyekiti. Wetu alikuwa mtu mzima wa Dar, mwalimu wa zamani, mpole wa sauti, anayezungumza na wewe huku amekushika kiwiko. Ndiye pekee aliyekuwa na simu ya mkononi, kwa hiyo kwetu sote nyumbani namba iliyoandikwa ukutani ilikuwa yake. Harusi, ugonjwa, mtoto kufaulu, kila habari ilipita sikioni mwake kabla haijafika kwetu. Wakati ule niliona ni bahati kuwa na mtu kama huyo.

Oktoba ile tulichangia kontena la Krismasi. Magauni ya watoto ya lesi, viatu vya kuwaka taa kisiginoni, jinzi, redio. Meli ilikuwa inaondoka mwisho wa wiki, na kontena likiikosa, mzigo ungefika Januari. Gauni la Krismasi mwezi wa kwanza hata ukiligawa bure utaulizwa lina kasoro gani. Karibu nusu ya mzigo ule ulikuwa wa mwenyekiti. Na kila mtu alijua kwamba nisiposimama ghalani mwenyewe, maduka yatapakia yanachotaka. Ilishatokea mwaka uliotangulia nilipolala na homa: mtu wa Mbeya alifungua marobota yake nyumbani akakuta jinzi zote zimekatwa kwa kiuno cha mtoto wa darasa la pili.

Mama alifariki Jumapili ya wiki hiyo. Jambo hilo naliweka hapa mahali pake, ingawa wakati ule sikulijua. Kaka yangu mkubwa alishuka mjini, akaenda posta, akampigia mwenyekiti simu kama ustaarabu unavyotaka. Alimwambia: mwambieni taratibu, mama yuko mochwari, tunamsubiri yeye, tutazika Alhamisi. Kutoka Guangzhou mpaka kwetu, kwa njia ya Hong Kong na Dubai, ni siku mbili. Ningeambiwa Jumapili ile, hata Jumatatu, ningemkuta mama yangu juu ya ardhi. Sisi ni Wachaga. Kwetu mtu huzikwa kihambani, kwenye migomba yake, na watoto wanatupa udongo mmoja mmoja kwa kufuatana walivyozaliwa. Asiyetupa udongo kwa mama yake hilo linakumbukwa hata na wajukuu.

Jumatatu mchana niliingia mgahawani kwa Mkongo kula, nikakuta wenzangu karibu wote wako meza moja. Walinyamaza kama darasa aliloingia mwalimu mkuu. Mwenyekiti akasimama, akanivutia kiti. Mkongo akaleta sahani ya samaki ambayo sikuagiza, na nilipotoa hela akazirudisha. "Leo hapana, maman. Kula tu." Mimi nikafikiria jambo moja tu: wanatafuta mkalimani wa bei rahisi na wanaona haya kuniambia. Nikala samaki wao kwa kiburi, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jumanne mwenyekiti alinisindikiza Shahe na akanibebea mfuko. Mtu ambaye tangu nimjue hakuwahi kubeba hata mwavuli wake. Kila baada ya maduka mawili ananiuliza kama nimechoka, kama nimelala vizuri, kama nimekunywa maji. Nikajua kabisa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tukiwa kwenye ngazi akaniuliza, "Mama yako huko nyumbani ana umri gani sasa?"

"Sabini na kitu," nikamjibu. "Na jembe lake huliwezi."

"Wazee hawa," akasema, "ni wa kuwaombea tu."

"Muombee wa kwako, mwenyekiti. Wangu anajiombea mwenyewe."

Alicheka kidogo na kunishika kiwiko. Hayo ndiyo yalikuwa matayarisho, yule mzee alikuwa anafanya kazi yake. Na mimi nilikuwa namjibu kwa ufundi, nafurahia ulimi wangu, mama yangu akiwa kwenye jokofu la hospitali siku ya tatu.

Jumatano alikuja chumbani kwangu mama mmoja wa Mombasa, mfanyabiashara wa vitambaa, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Alileta mahamri na mbaazi kwenye bakuli lililofunikwa. Alikaa kitandani pangu, akaniangalia nakula, macho yake mekundu. Nikamuuliza kama mumewe kamfanyia vituko tena. "Mie sina neno," akasema. "Ukimaliza kontena hili, dada, nenda kwenu ukapumzike." Nikamwambia nitaenda Desemba kama kila mwaka, mama ameshaninenepeshea mbuzi. Akainuka, akasahau bakuli, akatoka. Kati ya wote, huyu ndiye niliyeweza kumsamehe, na hata yeye ilinichukua muda.

Alhamisi nilishinda ghalani. Magauni mia moja na kitu yalikuwa na zipu za kukwama, nikamfokea laoban mpaka akaita mafundi wawili waje wazibadilishe pale pale. Nilishinda ugomvi ule. Nyumbani wanazika saa nane mchana, ambayo Guangzhou ilikuwa saa moja jioni. Saa moja jioni ya Alhamisi ile nilikuwa kwenye meza ya barabarani nakula tambi, nawasimulia wenzangu wawili jinsi laoban alivyofyata mkia. Walicheka. Walikuwa wanajua, na walicheka.

Ijumaa adhuhuri kontena lilifungwa, likatiwa lakiri, gari likaondoka nalo. Mwenyekiti aliangalia mpaka likakata kona, kisha akasema anatangulia nyumbani. Mimi nilipitia sokoni nikanunua mboga, nikapanda ngazi zangu mpaka ghorofa ya tano saa tisa alasiri. Nikaona viatu. Vilikuwa vimejaa mlangoni kwangu, vya kike na vya kiume, vimevuliwa na kupangwa. Hakuna Mswahili anayehitaji kuelezwa maana ya viatu vingi mlangoni kwake mchana wa siku ya kazi. Ndani kitanda changu kilikuwa kimesimamishwa ukutani, mkeka umetandikwa, wanawake wamejitanda khanga, na maharage yanachemka kwenye sufuria isiyo yangu. Mlango wangu ulifunguliwa kwa ufunguo wa mwenye nyumba. Walikuwa wamepanga kila kitu.

"Nani?" nikauliza.

Mwenyekiti akaja kunishika kiwiko. "Kaa kwanza, mama. Unywe maji."

"Nimeuliza nani."

"Kazi ya Mungu haina makosa," akasema. "Ni mama."

Niliweka mboga chini. Nakumbuka niliziweka taratibu, kwa kuwa kulikuwa na mayai humo. "Lini?"

"Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii iliyopita."

"Na wanazika lini?"

Mwenyekiti akaangalia mkeka. Yule mama wa Mombasa ndiye aliyejibu, na kilio kikamtoka pamoja na maneno. "Wamezika jana, dada."

Sikulia. Nilitoka mlangoni nikavisukuma viatu vyao kwa mguu, vyote, vikaporomoka ngazi kwa ngazi mpaka chini kwa jirani. Hakuna aliyenikasirikia. Nilimsikia mmoja anasema ni uchungu, mwacheni. Hata hasira yangu walikuwa wameshaiwekea nafasi kwenye matayarisho yao, kati ya maji ya kunywa na maharage, na hilo liliniuma karibu sawa na habari yenyewe.

Nilishuka nikampigia kaka kutoka kibanda cha simu cha Dengfeng, kwa namba ya parokia ya kijijini, simu ya kupokea tu, ambayo ndiyo niliyozoea kuwapigia. Walimwita akaja. Nikasema ndiyo kwanza nimeambiwa. Nikasema tena. "Uje tu," akasema, akakata. Nikaona ni ule ule ustaarabu, mambo ya msiba hayazungumzwi kwenye simu. Wenzangu walinikatia tiketi, walinifungia mizigo, walinisindikiza mpaka treni ya Hong Kong wakiimba pambio. Watu wema sana. Ukitaka kuona wema wao, subiri kontena lifungwe.

Kaka alinipokea uwanja wa ndege Jumatatu. Njia nzima alizungumzia bei ya kahawa. Kaburi lilikuwa upande wa juu wa nyumba, maua ya juu yameshakuwa ya kahawia. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, akanitazama, akaniuliza kama nimekula. Shangazi yangu mmoja, aliyekuwa anapepeta mahindi, hakuinua uso. "Mwenye mizigo amefika," alisema.

Nilifikiri ni kero za kawaida za msiba. Jioni ile kabla ya chakula nikamwambia kaka kwamba nilifichwa, kwamba Jumapili mpaka Ijumaa sikujua lolote.

"Jumanne nilipiga tena," akasema. "Nikamuuliza huyo mzee wenu wa China kama umeshaanza safari. Akasema umeambiwa, umelia sana, lakini una mzigo wa watu mikononi. Akasema umesema tuzike."

"Mimi?"

"Umesema tusikusubiri. Ndivyo alivyosema."

Na siku ya mazishi, wakati wa kusoma historia ya marehemu, katekista aliwatangazia watu kwa kipaza sauti. Mtoto wa tatu wa marehemu yuko China kikazi, ametuma salamu, ameomba mazishi yaendelee. Kata nzima ilisikia. Ilipofika zamu yangu ya kutupa udongo, mdogo wangu alipita moja kwa moja, hapakuachwa hata pumzi ya nafasi yangu.

Niliapa kwa kila kitu ninachokiamini. Kaka alisema sawa, kwa ile sauti ya kumnyamazisha mtoto. Nilikwenda kwa baba. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akasafisha koo.

"Mwanangu, hata kama ni kweli, nitawaambia nini watu? Niwaite tena hapa wakae, nitangaze upya?"

Maji yakimwagika hayazoleki, na hasa yakimwagwa kwa kipaza sauti. Nilikaa nyumbani mpaka Krismasi. Kanisani watoto wa jirani walikuja na magauni ya lesi, na zipu zake zilikuwa zinapanda na kushuka vizuri kabisa. Mama zao walinishukuru kwa kuleta mzigo mzuri mwaka ule. Niliwajibu asante, nikaogopa kuinua macho kwa sababu shangazi alikuwa benchi la nyuma.

Januari nilirudi Guangzhou na jambo moja kichwani. Nilimkuta mwenyekiti mgahawani kwa Mkongo, saa za chakula, watu wamejaa. Sikumtafutia faragha. Nilimuuliza mbele ya wote ni nani alimwambia kaka yangu kwamba nimesema wazike.

"Mama, kaa," akasema.

"Nimeshakaa vya kutosha."

Hakukana. Alieleza kwa upole wake ule. Kaka yangu alikuwa analia kwenye simu, anataka jibu, maiti iko mochwari. "Ningemwambia nini? Kwamba tunajua na hatujakuambia? Tungeonekana watu gani? Nikaona nimpunguzie. Na wewe ungepewa habari ile siku ile ungechanganyikiwa, ungepotea njiani Hong Kong. Tulikupenda, mama."

"Upendo wenu ulikuwa na marobota mangapi?"

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakunishika kiwiko. "Hata yako yalikuwemo mle ndani," akasema.

Yalikuwemo. Marobota kumi na mawili, akiba yangu yote. Nimelibeba jibu lile miaka yote hii. Kufa kufaana, wanasema, na mimi nilifaidika na kifo cha mama yangu sawa na wengine, nikauza nikapata. Ningeambiwa Jumatatu ningeondoka. Nasema ningeondoka. Ila uamuzi ambao hukuwahi kuufanya huwezi kuuapia, na yule mzee aliniibia hata nafasi ya kujua mimi ni mtoto wa namna gani.

Sikuhama. Watu huuliza kwa nini, na mimi huwauliza ningeenda wapi. Familia ile ya uongo ndiyo iliyojua nikiumwa, ndiyo iliyokuwa na unga wa ugali. Niliendelea kuwapakilia mizigo, nikaendelea kula meza moja na mwenyekiti, tukapeana chumvi. Nilifanya jambo moja tu, nilinunua simu yangu mwenyewe. Namba niliipeleka kwa kaka kwa maandishi, nikaisoma kwa sauti kwenye simu ya parokia, nikamfanya airudie. Nikamwambia likitokea lolote, lolote, anipigie mimi, sihitaji kutayarishwa na mtu. Akasema amesikia. Kila nilipokwenda nyumbani nilihakikisha ile karatasi bado imebandikwa ukutani, na ilikuwepo.

Baba alifariki mwaka wa tatu baada ya mama. Nilijua kutoka kwa kijana wa kwetu aliyekuja kununua viatu, akanipa pole dukani Shahe akidhani nimeshatoka kwenye matanga. Baba alikuwa ameshalala kaburini wiki mbili. Simu yangu ilikuwa mfukoni, inafanya kazi, imejaa chaji. Nilimpigia kaka pale pale, katikati ya maduka, nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Hakuwa na hasira hata kidogo. Aliniambia kama mtu anayeeleza jambo ambalo pande zote mbili zinalijua.

"Tulijua utasema tuzike."